Farasi Anayengoja

Leo asubuhi mwanangu mkubwa kapitisha mzigo wa majani ya mbuzi chini ya dirisha langu, yale majani mabichi ya kijani tunayoyaita qatti, na harufu yake ikaniingia mpaka kwenye meno. Mie nimekaa zangu kitandani, mlango umefungwa, pazia limeshushwa, AC inanguruma kama ng'ombe mwenye mafua. Niko kwenye eda. Bwana wangu kafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, na mie nakaa ndani miezi yangu kama inavyotakiwa. Sipaki wanja, sijifukizi udi, sivai dhahabu, sivuki mlango. Mtu kama mie, niliyezoea kuzunguka mji wote wa Ibra, najua nani kazaa na nani kapika nini, leo nimefungiwa kama kuku wa Idi!

Basi ile harufu iliponifika nikacheka peke yangu. Mjukuu wangu Thuraya, ndiye anayekaa na mie, akatoa macho kwenye simu yake.

"Bibi, unacheka nini?"

"Nacheka farasi."

"Farasi gani tena humu ndani?"

Nikamwambia njoo ukae hapa. Na nyinyi wenzangu wa umri wangu, mliokuja huku na sanduku la bati na Kiswahili mdomoni, sogeeni na nyinyi, maana nyinyi mtanielewa bila ya mie kuhangaika kutafuta maneno.

Tulipokuja kutoka Unguja mie nilikuwa mtoto, meno ya mbele ndo kwanza yanaota tena. Kule tulikotoka, siku zile mambo yalipochafuka, baba yangu aliwekwa ndani, na mama akinichukua kwenda kumpelekea chakula. Kwa hivyo jela nikiijua vizuri. Jela ni mlango, na mtu kakaa mlangoni, na chakula kinaingia, na vyombo vitupu vinatoka, na aliyemo ndani humwoni uso. Hiyo ndiyo jela. Baba akatoka, alhamdulillahi, na safari ikapatikana, tukavuka bahari, tukaja huku kwa Waarabu mpaka kijijini kwao. Kwa gari ya leo ni karibu tu na hapa Ibra, lakini kwa Landrova ya siku zile na ile njia ya mawe, tulifika wote rangi zimetutoka, mimi nimeshatapika kila nilichokula tangu Unguja.

Tukakuta Babu keshakufa. Matanga yamekwisha, sufuria zimesharudishwa kwa wenyewe. Na Bibi, mama yake baba, tukaambiwa yuko juu.

Nikapelekwa juu. Ngazi za udongo, zimeliwa katikati. Nafika, nakuta mlango. Mlangoni kakaa shangazi, kanyoosha miguu. Chakula kinaingia. Vyombo vinatoka. Na ndani, kwenye ukuta wa mwisho ambao hata mwanga wa tundu la hewa haufiki, kakaa mwanamke kavaa nguo nyeupe, hana hata hereni.

Nikajisemea: maskini, na huyu pia wamemkamata.

Mama akanambia nimsalimie. "Shikamoo Bibi." Akaitikia, "Marahaba mwanangu, njoo nikuone," kwa Kiswahili kitamu cha mjini, kama cha majirani zetu wa Malindi ya Unguja. Maana Bibi na Babu waliishi Unguja miaka mingi, Ami yangu Said kazaliwa kulekule, kisha wao wakatangulia kurudi. Mie nikashangaa, kwa sababu tangu kuteremka kwenye gari nilikuwa sijasikia neno hata moja ninalolijua. Watoto wa Ami walikuwa wakiniita Zinjibariya, yaani mtu wa Unguja. Nikijaribu neno la Kiarabu wanaanguka chini kwa kucheka, wanaitana, "Taal, taal, njoo umsikie!" Nikawa sina pa kukaa. Uani nachekwa, jikoni nafukuzwa, nje haniachii mtu nitoke. Basi mama akasema, kakae na Bibi, umfanyie kampani. Na mie nikaingia mle jela kwa miguu yangu mwenyewe, nikafungwa pamoja naye.

Joto la chumba kile, wenzangu! Hamna feni, hamna upepo. Chini yetu ndo ghala la tende, na ile asali ya tende inayotiririka harufu yake inapanda kwenye sakafu mpaka unahisi umelambwa mwili mzima. Udi hamna, marashi hamna, Bibi haruhusiwi. Tundu la hewa liko juu, dogo kama sahani, na Bibi hata karibu yake haendi. Kwa nyumba yetu ilikuwa aibu mwanamke wa eda kuonekana hata kivuli chake. Kutwa tunakaa tunasikiliza kijiji. Mlango huo umegonga. Ndoo hiyo. Yule anayekohoa ni fulani.

Siku moja nikajikaza nikamuuliza. "Bibi, umefanya kosa gani?"

"Kosa langu nimeachwa nyuma," akasema, na akaendelea kutafuna kokwa ya tende, maana alikuwa na tabia hiyo, tende anaimaliza na kokwa anabaki nayo mdomoni saa nzima.

Mie nikaona, sawa. Kule Unguja pia watu walikamatwa kwa makosa ambayo sikuyafahamu.

Sasa, uani chini kulikuwa na farasi jike, wa Babu, jina lake Ghazala. Rangi ya mchanga, na kwenye paji la uso kipande cheupe kama mtu kamgusa na unga. Mama yake alikufa akimzaa, na Bibi ndiye aliyemlea, kwa maziwa ya mbuzi na tende zilizopondwa, akimlisha kwa vidole. Farasi yule akimjua Bibi kwa kikohozi. Bibi akikohoa juu, Ghazala analia chini. Kwa hivyo Bibi alikuwa akikohoa makusudi. Hana kifua, hana nini, lakini kila baada ya sala utamsikia, "Khoo, khoo," na kule chini mwenzake anajibu. Shangazi mlangoni anasema, "Mama, nikuletee asali ya kifua?" Bibi ananikonyeza.

Basi Idi ikawa inakaribia, na alasiri moja Ami Said akaja akakaa kizingitini. Ni mwanawe wa kumzaa, yeye haruhusiwi nini? Aliingia kila siku. Lakini siku hiyo alikuwa kakunja uso.

"Mama, falaji imeshuka, mfereji mzima umekauka. Maji yenyewe ni ya kulamba. Majani hayatoshi."

"Hayamtoshi nani?"

"Mbuzi wanatoa maziwa, watoto wanakunywa. Yeye Ghazala anatoa nini?"

"Anatoa jina la baba yako."

"Jina gani, mama? Tangu alipokufa yule farasi aliyezoea kukimbia naye, kila nikimpeleka uwanjani ananitia aibu. Nikimkimbiza na mwenye nguvu, anashtuka, anabaki nyuma. Nikimkimbiza na mnyonge, anachomoka peke yake kama kafukuzwa na moto. Watu wanacheka."

Nikasikia kokwa ya tende ikigonga kwenye jino la Bibi.

"Nakwambia ukweli," Ami akasema. "Idi hii ndo mwisho. Akikimbia kama alivyokuwa akikimbia na baba, atabaki, na mie sitasema tena, nitakata hata majani ya ng'ombe nimpe yeye. Akinitia aibu, kuna mtu wa Badiya anamtaka. Namkabidhi palepale uwanjani, harudi hapa."

"Na utamkimbiza na nani?"

"Na yule mweupe wa wakubwa wa Mudhaibi. Nshatoa neno."

Aliposhuka, Bibi hakukohoa jioni ile. Ghazala alisubiri, kisha akalia mwenyewe, na Bibi akajifunika uso na ncha ya nguo. Nikajua. Babu kachukuliwa, na Bibi kafungwa, na sasa hata huyo wa kumjibu kikohozi anachukuliwa. Nikaapa moyoni mwangu kwamba Ghazala lazima ashinde.

Na kushinda nikikujua. Kule Unguja sikukuu zikija kulikuwa na resi za baiskeli, na mie nilikuwa nikibebwa mabegani nikaone. Anayefika mbele kashinda, watu wanambeba. Anayefika nyuma anakokota baiskeli yake kwenda kwao. Huku nikaambiwa farasi wanakimbia wawili wawili, ndo ardha hiyo. Nikaona sawa, wawili wawili, mmoja ampige mwenziwe. Hakuna aliyenieleza zaidi, kwani nani atakaa amweleze mtoto jambo ambalo hata mbuzi wa kijiji wanalijua?

Nyinyi mnaojua mambo ya farasi mshaanza kucheka. Nyamazeni kwanza.

Siku ya Idi yenyewe, nyumba ikabaki tupu. Wanaume wote uwanjani, pale kwenye bonde kavu mbele ya nyumba, wanawake wote juu ya mapaa kwa jirani. Shangazi naye akatoroka, akasema anakwenda kuangalia mara moja, na hiyo mara moja yake mpaka leo. Tukabaki mie na Bibi. Nje ngoma, bunduki zinapigwa hewani, watoto wanapiga makelele, na vumbi linaingia kwenye tundu likiwa na harufu ya baruti na halua. Mle ndani sie tunatokwa na jasho tu. Kama kuna kitu kinachouma, wenzangu, ni kusikia Idi kupitia ukutani.

Bibi akasema, "Vuta lile sanduku. Panda. Wewe leo ndo macho yangu."

Nikapanda. Tundu likanitosha uso tu.

"Wapo wangapi?"

"Wengi! Na yule mweupe, Bibi, ungemwona! Kavishwa fedha kichwani mpaka kifuani, anang'aa!"

"Fedha si yake, kavishwa. Kichwa chake vipi?"

"Anakirusha. Hivi. Kama mtoto anayekataa dawa."

"Jicho?"

"Weupe wa jicho unaonekana."

"Hmm. Na povu? Liko mdomoni, au limeshafika shingoni?"

"Shingoni."

"Na hajakimbia bado?"

"Bado."

Bibi akaguna. Kisha yule mweupe akakimbizwa na mwengine, wa kuchangamsha uwanja tu, na wallahi alimwacha mwenzake mbali, mbali kabisa, peke yake na fedha zake. Nikapiga makofi. "Kampita, Bibi! Kamwacha kule!"

"Umemaliza?" akasema. "Haya, mtoe huyo, hamfai Ghazala wetu."

"Nimtoe? Ndiye bora kuliko wote!"

"Mtoe. Mwengine."

Alikuwepo mweusi, kaletwa na lori kutoka Sur. Bibi akaniuliza anasimamaje. Nikamwambia anapumzisha mguu mmoja wa nyuma, kisha wa pili, kisha wa kwanza. "Lori limemvunja," Bibi akasema, "huyo atakufa njiani katikati." Na kweli, alipokimbia, alianza kama risasi na akamalizia kama mimi nikipanda ngazi siku hizi. Mtoe. Walikuwepo wawili wa kijivu, ndugu, wanafanana mpaka mikia. "Hao washapatana wenyewe, usiwaguse." Alikuwepo mdogo mmoja mzuri, lakini masikio kayalaza nyuma. "Anauma. Mtoe." Mie pale juu vidole vya miguu vinaniuma, jasho linaniingia machoni, nawatoa farasi za watu kama naokota mawe kwenye mchele, na huku chini namwona Ghazala wetu kasimama pembeni, Ami kamshika kamba, anageuza kichwa kutazama nyumba.

Kisha akaja mmoja rangi ya tende, mwekundu wa kiza, hana pambo hata moja, mgongoni kipande cha blangeti. Kampanda mzee kapaka ndevu hina. Walikuwa wametoka Dima wa Tayyin, kule milimani. Wakakimbia na farasi mmoja mzito, mnene.

"Huyu mjinga, Bibi," nikasema.

"Kwa nini?"

"Anaweza kumpita mwenzake na hampiti. Kila akitangulia kichwa, anapunguza. Anamngoja! Sasa yule mnene kafika, wako pamoja. Sasa katangulia tena... kamngoja tena. Mjinga khasa."

Nikasikia nguo zikichakacha. Nageuka, Bibi kasimama. Kwa miezi yote ile sijapata kumwona akisimama ila kwa sala.

"Rudia," akasema. "Anavutwa kamba na yule mzee, au anapunguza mwenyewe?"

"Mwenyewe. Mzee mikono kaiweka mapajani."

"Masikio?"

"Moja mbele. Moja kaligeuzia kwa mwenzake."

Bibi akaweka mkono kifuani. Akapiga hatua kuja kwenye tundu, kweli akapiga, kisha akakumbuka, akasimama palepale mwanga ulipoanzia sakafuni, kama kuna ukuta mwengine pale ambao mie siuoni. Akarudi nyuma. Akachukua bakora ya Babu iliyokuwa imetundikwa, akanipa.

"Shuka. Nenda kwa Ami yako. Mwambie: mama anasema mkimbize na huyo anayengoja. Basi. Usiongeze neno."

Na mie hapo ndo nikamfahamu Bibi! Nikasema kumbe ana akili hivi, mwanamke huyu! Kamtafuta farasi mjinga kuliko wote, mwenye kungojea, ili Ghazala wetu ampite kama kasimama. Nikashuka zile ngazi nne nne.

Nilikuwa sijapata kutoka nje peke yangu. Jua likanipiga usoni mpaka nikaona kijani. Miguu ya watu, miguu ya farasi, majambia viunoni, wote wakubwa, wote wanasema Kiarabu, na mie na bakora ndefu kuliko mimi mwenyewe. Watoto wa Ami wakaniona. "Zinjibariya! Zinjibariya katoka!" Nikaendelea. Nikamfikia Ami Said, kazungukwa na wanaume, na yule mweupe wa Mudhaibi yuko pembeni anarusha kichwa.

"Ami!"

Akaiona ile bakora kabla hajaniona mimi. Uso wake ukabadilika. "Nani kakupa hiyo?"

"Bibi. Bibi anasema, umkimbize Ghazala na yule," nikanyoosha kidole, "yule mjinga anayengoja, ili tumpite!"

Nilisema kwa Kiswahili, na kwa sauti, nikidhani hanisikii kwa ngoma. Kumbe nusu ya wale wanaume washakaa Unguja na Pemba. Walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Na yule mzee wa ndevu za hina, ambaye nilikuwa nimemnyooshea kidole puani, akasema kwa Kiswahili cha Pemba, cha mashambani kabisa, "Mjinga mie au farasi wangu?"

Nikataka ardhi inimeze. "Farasi wako, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Na nani kakwambia farasi wangu anangoja? Watu hapa wanasema mzito."

"Bibi."

"Kamwonea wapi huyo Bibi?"

"Hakumwona. Kafungwa kule juu." Nikaonyesha tundu. "Mimi nlimwambia tu vile masikio yake yalivyo."

Mzee akatazama lile tundu, kisha akatazama chini kwa adabu. Hakucheka tena. Akamgeukia Ami yangu. "Said, mie ni mgeni wako leo. Nimetoka milimani na usingizi machoni. Mgeni akikuomba umkimbize farasi wako na wake, utamnyima?"

Mbele ya watu wote vile? Ami atasema nini? Akatazama bakora ya baba yake mkononi mwangu. Akamfuata mtu wa Mudhaibi, wakashikana mikono, wakasemezana, na yule bwana akacheka akampiga bega, mambo yakaisha.

Ningeweza kubaki pale. Kulikuwa na upepo, kulikuwa na halua inapitishwa kwenye sinia, na kwa mara ya kwanza watoto wa Ami walikuwa wakinitazama bila kunicheka. Lakini Bibi hana macho mengine. Nikageuka, nikapanda ngazi, nikajirudisha ndani mwenyewe, nikapanda juu ya sanduku.

"Wanakwenda mwanzo wa uwanja, Bibi."

"Sema."

"Wamegeuka. Wamesimama ubavu kwa ubavu. Mzee kanyoosha mkono, Ami kaushika. Bibi, wameshikana mikono!"

"Sema, mwanangu, usimeze."

"Wametoka!"

Wenzangu, mie nikasahau kama niko ndani. Vumbi nyuma yao kama pazia, na miguu naihisi kwenye ukuta, kwenye sanduku, kwenye meno. Ghazala akashtuka mwanzo, akachomoka, kama Ami alivyosema. "Katangulia! Katangulia, Bibi! Pita Ghazala, pita!" Na yule wa tende akaongeza, taratibu tu, akamfikia, akaweka kichwa chake palepale kwenye kichwa cha Ghazala. Nikapiga ukuta kwa ngumi. "Mpite!" Ghazala akapunguza. Wa tende akapunguza. Ghazala akaongeza, na wa tende akaongeza. Kisha sijui kilitokea nini kati yao, walipatana, miguu minane ikawa inapiga pamoja, na Ami na yule mzee wakasimama wima juu ya migongo ya farasi, mkono kwa mkono, kanzu zinapepea, na bunduki zote zikalia.

Wakamaliza. Sawa kwa sawa.

Mie moyo ukanikatika. Nikageuka huku nalia. "Bibi, hatukushinda. Hakumpita."

"Walikuwa vipi?"

"Sawa. Kama wamefungwa kamba moja."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho. Basi nani kamwambia yule mjinga aache kungoja, akimbie sawa na sisi?"

Bibi alichukua ncha ya nguo yake nyeupe akaijaza mdomoni. Akauma. Mabega yanamtikisika, machozi yanamwagika, sauti haitoki. Nikasema, khalas, Ghazala kaondoka, na Bibi yangu atakufa humu ndani. Sikuweza kumtazama. Nikashuka nikamuage Ghazala kabla mtu wa Badiya hajaja.

Nikamkuta uani, katota jasho, yule wa tende kafungwa kando yake. Nikamkumbatia mguu, ndo nilipofika, nikalia kwa sauti. Ami akaja na mzigo wa majani begani, mzigo mkubwa, kijani kinanuka ua mzima.

"We Zinjibariya, umekuwaje?"

"Namuaga."

"Anakwenda wapi?"

"Badiya. Tumeshindwa."

Ami akauweka mzigo chini. Akamwita yule mzee wa Dima aje asikie, na mie nikarudia, na wakatazamana. Mzee akachuchumaa mbele yangu, ndevu nyekundu, harufu ya kahawa. "Binti," akasema, "huku kwetu ukimpita mwenzako uwanjani umemwaibisha, na wewe umejiaibisha zaidi. Tunakimbia ili tufike pamoja. Mwaka huu wengi waliokimbia walikuwa wakipitana tu kama mbwa. Ukiwaacha wale ndugu wa kijivu, waliofika pamoja khasa ni hawa wawili."

"Kwa hivyo Ghazala..."

"Ghazala anakula," Ami akasema, na akanijaza mikono majani. "Mpe mwenyewe. Macho ya Bibi yako."

Ile harufu ndiyo iliyonifika leo asubuhi.

Nikapanda juu tena. Bibi keshajifuta uso, kakaa pake, kokwa mdomoni. Nikamwambia, "Bibi, kumbe!"

"Kumbe nini? Ulidhani mie nataka kumpita nani?"

"Mbona ulilia?"

"Sikulia. Vigelegele vile, mwanangu. Mwenye eda hapigi vigelegele, nikaviziba." Kisha akakohoa, khoo, khoo, na chini Ghazala akajibu, na baada yake, kwa sauti nzito, akajibu na yule wa Dima. Bibi akacheka kimyakimya, halafu akaitazama ile bakora ya Babu. "Unakumbuka uliniuliza kosa langu? Mie na babu yako tulikimbia pamoja maisha yetu yote. Mwisho akaongeza mwendo, akaniacha." Akaitoa kokwa mdomoni. "Hakuwa na adabu ya farasi wa Dima, yule bwana."

Thuraya kanisikiliza mpaka hapo, simu imemzimikia mapajani. Kisha akaiwasha. "Bibi, leo pia ipo ardha, watu wanarusha moja kwa moja. Tuangalie?"

Tuangalie, kwani nina kazi gani mie? Tukaegemea pamoja. Akaanza kunichagulia, huyu mweupe Bibi, mwenye fedha, tazama shingo. Nikamwambia kichwa anarusha, mtoe. Akanichagulia mweusi. Mtoe. Tukawatoa watatu wanne, anakasirika, ananiambia mie mgumu kama mahakama. Na huku nje ya mlango wangu, sebuleni, wanaume wamejaa, wamekuja kumpa pole mwanangu, nasikia vikombe vya kahawa na kila anayepiga chafya. Inabidi tuseme kwa kunong'ona, mie na mtoto huyu, ndani ya chumba hiki na AC yake yenye mafua.

Kisha wakatoka wawili. Mmoja wa kijivu, mmoja rangi ya tende. Nikamshika Thuraya mkono. Yule wa tende kamtangulia mwenziwe kichwa, na sikio moja, moja tu, kaligeuza nyuma. Akapunguza.

"Mbona anapunguza?" Thuraya akanong'ona. "Bibi, si angempita? Wamefika sawa! Sasa nani kashinda hapo? Bibi? Bibi, nijibu!"

Sikuweza kumjibu. Wanaume wako mlangoni, na mie ncha ya leso yangu yote iko mdomoni.